Kabla ya Gipsamu, Fuata Maji

Watu wengi Dar es Salaam huhamia nyumba kabla haijaisha. Bati liko juu, milango ya vyumba viwili ina vitasa, choo kimoja kinafanya kazi, na kodi ya kule kwenye nyumba ya kupanga imefika mwisho. Basi kirikuu kinaitwa, magodoro yanapakiwa, na maisha yanaanza Chanika, Goba, Madale au Kigamboni huku sakafu ya sebuleni ikiwa bado jamvi tupu. Mimi sioni ubaya. Nyumba nyingi za mji huu zimejengwa hivyo, na anayelala ndani ya nyumba yake huona mambo ambayo fundi asingemwambia. Ubaya unakuja pale hela inayofuata, iwe ya bonasi au ya kikoba, inapokwenda moja kwa moja kwenye gipsamu, taa za rangi rangi na marumaru za sebuleni, kwa kuwa hivyo ndivyo wageni wanavyoviona.

Ushauri wangu kwa mwenye nyumba mpya ni mmoja, mengine yanafuata humo humo: kabla hujapamba, jua maji yanakwenda wapi. Maji ya mvua, ya bomba, ya bafuni, na yale yanayopanda polepole kutoka ardhini. Rangi inayobanduka, mbao zinazooza, nondo zinazopasua zege, mchwa, ukungu nyuma ya kabati, hata baadhi ya nyufa, ukizifuatilia hadi mwisho mara nyingi unakuta maji yalitangulia.

Kwa hiyo mvua kubwa ya kwanza ikinyesha usijifunike shuka. Pwani tunazo mvua za vuli, Oktoba hadi Desemba, na masika, Machi hadi Mei, na hakuna mkaguzi mwingine atakayekukagulia nyumba bure. Vaa makubazi, chukua mwavuli, zunguka nyumba nzima. Tazama maji ya bati yanadondokea wapi na yakishadondoka yanaelekea wapi. Yanatulia ubavuni mwa msingi? Yanachimba? Yanaingia kwa jirani? (La jirani lina kesi zake.) Kisha rudi ndani na tochi, panda darini kama pana tundu la kupitia, umulike kenchi na misumari ya bati. Alama ya maji kwenye mbao ni rahisi kuiona ikiwa mbichi. Ukishapigilia gipsamu, utaiona siku itakapokuwa duara la kahawia juu ya kochi.

Hesabu ya mvua si ngumu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Nyumba yenye paa la mita za mraba 100 ikipigwa na mvua ya milimita 20, jambo la kawaida kabisa masika, inamwaga lita 2,000 kuizunguka kwa mkupuo mmoja. Bila gata, maji yote hayo yanaanguka kwenye mstari mmoja, nusu mita kutoka ukutani. Weka gata na tangi, na sehemu kubwa yake unaifulia nguo.

Sasa chuchumaa uangalie ukuta wa nje, ile futi moja ya chini. Kwenye nyumba isiyo na gata utakuta mkanda mwekundu wa tope lililorushwa na matone. Juu kidogo ya mkanda huo rangi imevimba vijipovu. Kibonye kipovu kimoja kwa kucha: rangi inapasuka kama ngozi ya maziwa, na nyuma yake unatoka unga mweupe na mchanga mlegevu. Huo unga ni chumvi. Maji yameingia kwenye tofali na plasta, yameyeyusha chumvi iliyomo, na yanapokauka kuelekea nje huiacha pale chini ya rangi. Fundi rangi atakwambia, “Bosi, hilo dogo, tunapiga wolputi tunamaliza na rangi ya mafuta.” Usikubali. Rangi ya mafuta inaziba njia ya unyevu kutoka, kwa hiyo maji yanapanda zaidi yakitafuta pa kupumulia, na mwaka kesho povu liko usawa wa swichi za umeme.

Mpangilio wa tiba ni huu. Kwanza zuia maji: gata, na kisakafu cha zege kuzunguka nyumba, upana wa mita moja hivi, kikiinamia nje kwa sentimita mbili na nusu kwa kila mita. Pili, angalia kimo cha ardhi. Kati ya msingi na ukuta panatakiwa kizuizi cha unyevu, ile karatasi nyeusi ambayo mafundi wanaiita DPC, na ardhi ya nje inatakiwa iwe chini yake kwa sentimita 15 angalau. Nyumba nyingi hujengwa sawasawa, kisha mwenye nyumba anamwaga kifusi, juu yake moramu, juu yake pevinbloku, mpaka uwanja unakuwa juu ya DPC na maji yanapata daraja la kuvukia. Pevinbloku nzuri zilizowekwa juu mno zimeharibu kuta nyingi kuliko mvua yenyewe. Tatu, banja plasta iliyolegea, iache sehemu hiyo ikauke, sugua chumvi kwa brashi kavu na uizoe. Ukiiosha kwa maji unairudisha ndani. Plasta mpya ipe wiki nne kabla ya kuipaka rangi. Najua sikukuu imekaribia. Ipe wiki nne.

Hapa niseme neno kuhusu mtindo wa sasa wa kuficha bati, paa likiwa limelala nyuma ya ukuta uliopandishwa ili nyumba ionekane boksi. Inapendeza kwenye picha. Lakini umeondoa uchengo uliokuwa ukizikinga kuta na madirisha, na maji yote ya paa umeyapeleka kwenye mfereji uliofichwa juu ya vichwa vya watu. Majani ya mwembe yakiziba tundu moja tu la kushushia, mfereji unajaa na maji yanarudi ndani kwa chini ya bati. Mimi nisingejenga hivyo mahali penye masika. Kama umeshajenga au umenunua, fanya mambo mawili: toboa ukuta uweke bomba la dharura, chini kidogo ya usawa ambao maji yangeanza kurudi ndani, ili mfereji ukijaa uyamwage nje ukayaone, na mpandishe mtu kuusafisha kabla ya vuli na tena kabla ya masika. Gata za kawaida nazo zisafishwe. Maji yaliyotuama humo yanazalisha Aedes, mbu anayeuma mchana na kueneza homa ya dengi, na Dar es Salaam tuliionja 2014 na 2019.

Bati lenyewe, kwa anayeongeza banda au jiko la nje: geji 28 ni nene kuliko geji 30, na 30 ni nene kuliko 32. Namba ikipanda bati linapungua. Muuzaji mjanja anajua kuwa wewe hujui.

Bafuni kuna jaribio lisilo na gharama ambalo nashangaa halifanywi. Kabla ya kubandika marumaru, ziba tundu la maji kwa kitambaa kilichofungwa kwenye mfuko wa nailoni, jaza maji kimo cha sentimita tatu, weka alama ya penseli ukutani, ondoka. Rudi kesho saa zile zile. Maji yakishuka sana, au ukuta wa chumba cha pili ukionyesha unyevu, sakafu haishiki, na marumaru hazitaisaidia, kwani grauti si kizuizi cha maji. Dai ipakwe dawa ya kuzuia maji, ipandishwe ukutani kimo cha shawa, kisha rudia jaribio. Sakafu ikishika, hakikisha inainamia kwenye tundu. Mwaga kikombe cha maji kila kona ukiwa umesimama na fundi, kikombe hakibishani.

Marumaru zikishawekwa, zigonge moja moja kwa mpini wa ufagio kabla hujalipa. Inayolia tupu, kama debe, haikupakwa gundi kote chini yake, na siku ndoo ikianguka juu yake itapasuka. Nunua boksi moja la ziada la toleo lile lile, ulihifadhi. Ukienda dukani baada ya miaka mitatu na kipande mkononi, utarudi nacho.

Kama bado kuna kuta za kujenga, iwe uzio au chumba cha wageni, kaa karibu na mchanga. Fundi hawezi kukuficha uchafu wa mchanga ukiwa na chupa tupu ya maji ya kunywa: itie mchanga hadi nusu, ongeza maji hadi robo tatu, weka kijiko cha chumvi, tikisa kwa nguvu, iache saa chache. Mchanga unakaa chini, udongo unakaa juu yake kwa rangi tofauti. Tabaka la udongo likizidi sehemu moja ya kumi ya kimo cha mchanga, lirudishe lori, hata dereva akinuna. Mchanga wa ufukweni usiuguse kabisa kwenye zege yenye nondo, na vivyo hivyo maji ya kisima chenye chumvi, kama visima vingi vya maeneo ya pwani. Chumvi inaivamia nondo, nondo inapata kutu, kutu inavimba, zege inapasuka kutoka ndani.

Saruji zipo za nguvu mbalimbali. Ile iliyoandikwa 32.5 inafaa kujengea na kupigia plasta. Nguzo, mkanda na zege ya juu omba 42.5. Zege ikishamwagwa inywe maji siku saba, asubuhi na jioni, ikifunikwa magunia yaliyolowa. Hapa ndipo akiba ya kijinga hufanyika, maana fundi ameshalipwa na ameondoka, na hakuna anayetaka kubeba ndoo. Mwagilia mwenyewe. Watoto wanaipenda kazi hiyo. Matofali nayo yana siri yake: wapo wanaoyavuta, mfuko mmoja wa kilo 50 ukatoa matofali mengi kupita kiasi. Likwaruze kwa msumari. Likimwagika mchanga kama sukari, ujue saruji iliishia njiani.

Nyufa zinawatisha watu kuliko zinavyostahili, na zile zinazostahili kutisha huzibwa kwa wolputi. Ufa mwembamba kama unywele kwenye plasta mpya, usio na mwelekeo, ni plasta iliyokauka haraka. Subiri, ziba, paka. Ufa unaotoka kona ya dirisha kwenda mshazari, unaoonekana ndani na nje, na unaoingiza sarafu, huo uandikie tarehe. Chora mstari wa penseli kila mwisho wa ufa, andika siku chini yake, piga picha. Usiuzibe mpaka msimu mzima wa mvua upite. Kwenye udongo wa mfinyanzi, unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, utaona ufa unafunguka na kufunga na misimu. Hapo dawa ni kuyaweka maji mbali na msingi. Ukizidi kurefuka, tafuta mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Fundi mwashi, hata awe mzuri, anauza plasta.

Usafi wa nyumba iliyotoka kujengwa ni kazi tofauti na usafi wa kila siku. Vumbi la saruji hufagiliwa likiwa limenyunyiziwa maji kidogo, la sivyo unalihamisha tu kwenye mapafu na darini. Fremu za alumini zifutwe saruji siku ile ile inapodondoka, kwa sababu saruji mbichi inaila alumini, na doa lake haliondoki kwa kusugua. Utando mweupe juu ya marumaru jaribu kwanza kwa siki iliyochanganywa na maji, kwenye kona isiyoonekana. Mafundi wengi wanakimbilia tindikali. Inasafisha kweli, pia inakula grauti, inatia weusi kwenye koki za kung’aa na kuharibu sakafu ya terazo moja kwa moja. Kama hakuna njia nyingine, lowesha sakafu kwanza, mimina tindikali kwenye maji wala si maji kwenye tindikali, fungua madirisha, vaa glavu, suuza mara nyingi. Na usiichanganye na jiki kamwe, wala zisifuatane chooni kabla hujasuuza: zikikutana hutoa gesi ya klorini, na choo kidogo chenye dirisha la kiganja si mahali pa kuivutia hewa hiyo. Dawa nyingi za kung’arishia sinki la choo zina asidi ndani yake, hata kama chupa ina picha ya maua.

Tangi jipya, na la zamani kila unapolisafisha, lisuguliwe kwa brashi na maji, kisha litibiwe. Kwa tangi la lita 1,000 lililojaa, lita moja ya jiki isiyo na manukato yenye nguvu ya asilimia 5 inatosha; kama kibandiko kinasema 3.5, weka karibu lita moja na nusu. Fungulia kila koki ndani mpaka unusie klorini, funga, acha usiku kucha, kisha mwaga na suuza. Usiyamwage maji hayo chooni. Shimo la maji taka linafanya kazi kwa bakteria, na utakuwa umewaua wanaokufanyia kazi bila mshahara. Kumbuka pia tangi hilo likijaa lina uzito wa tani moja. Kibanda cha mbao kilichoachwa na mafundi hakikujengwa kubeba tani.

Ukungu mweusi nyuma ya kabati unafutika kwa jiki na maji, lakini utarudi ikiwa ukuta bado unalowa au chumba hakipumui. Sogeza kabati sentimita tano kutoka ukuta wa nje. Nyumba za zamani zilikuwa na matundu ya hewa juu ya madirisha, na walioyajenga hawakuwa washamba. Sisi tumeyaziba kwa sababu ya gipsamu na kiyoyozi, kisha tunashangaa nguo zinanuka. Rudisha matundu, yawekee wavu wa mbu, na dari nayo ipate hewa kwenye pembe za paa. Joto linalokaa juu ya gipsamu usiku ndilo linalokutoa jasho saa nane.

Wanaonunua nyumba kuukuu wana mambo yao. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, kama za Mji Mkongwe wa Zanzibar au Mji wa Kale wa Mombasa, zinapumua. Ukizipiga plasta ya saruji unaufungia unyevu ndani, na jiwe linaanza kumumunyuka nyuma ya plasta inayoonekana nzima. Zitengenezeni kwa chokaa. Na kama paa ni la asbesto, yale mabapa mazito ya kijivu yenye mawimbi, msilikwangue, msilitoboe, msiliparue kwa brashi kavu. Nyuzi zake zikivutwa puani hukaa mapafuni na kuleta maradhi, saratani ikiwamo, baada ya miaka mingi. Likiwa zima, liacheni lilivyo. Likiwa limepasuka, uondoaji wake uulizieni halmashauri kabla mtu hajapanda na nyundo. Kukwangua rangi ya mafuta ya zamani nako kufanyike kwa msasa wa maji, watoto wakiwa kwa bibi, kwa kuwa huenda ina risasi.

Umeme nitaupitia haraka, kwa sababu si wa kujifunza gazetini. Tumia fundi mwenye leseni ya EWURA, na kabla ya kufunga shawa ya kuchemsha maji muulize ethi iko wapi, akuonyeshe kwa kidole fimbo iliyozikwa ardhini. Akianza kueleza badala ya kuonyesha, shawa isubiri. Kodi ya jengo, kwa taarifa ya waliokuja juzi, tangu 2021 inakatwa kupitia LUKU, kwa hiyo usimgombeze fundi kwamba amekuunganishia mita inayokula.

Hela ya fundi igawanye kwa hatua za kazi, usiilipe kwa siku wala kwa huruma. Andikeni karatasi moja, hata ya daftari: kazi gani, vifaa vya nani, malipo baada ya nini. Kazi yoyote inayohusu maji, kuanzia paa na gata hadi bafu na mabomba, bakiza kiasi cha malipo mpaka mvua kubwa moja ipite au lile jaribio la bafuni lifaulu. Fundi mzuri atalalamika kidogo kisha atakubali. Asiyekubali amekusaidia kuamua.

Kabla ya plasta, piga picha kila ukuta uliochimbwa mabomba na nyaya, ukiwa umeegemeza futi kamba ili vipimo vionekane, na picha hizo zitumwe kwa mtu wa pili ndani ya nyumba, maana simu hupotea. Nje, pima umbali wa kila chemba na mfuniko wa shimo la maji taka kutoka kona mbili za nyumba, uandike. Kama unafikiria kuchimba kisima, kiwe mita 30 au zaidi kutoka kwenye shimo hilo, na uangalie pia shimo la jirani liko wapi. Na fundi wa pevinbloku akikwambia mifuniko inaharibu mpangilio wa maua, bora aifunike uwanja uwe mmoja, mkatalie pale pale. Gari la kunyonya likija, atakayekuwa anatafuta mfuniko kwa sururu ni wewe.